Visu vya Turneri wa Mushaki

Ukimpelekea Turneri kipande cha chuma, hakukuuliza umekitoa wapi. Alikipeleka kwenye jiwe lake la kunolea lililokuwa likizunguka, akakigusisha kidogo tu, akatazama cheche. Cheche ndefu za manjano: hicho ni chuma laini, cha milango na madirisha, akakurudishia. Cheche zinazopasuka kama maua: hicho kimetoka kwenye springi ya gari, kinaweza kuwa kisu, lakini kikipata moto kitalegea. Cheche chache, nyekundu, fupi, kama za moto wa kuni mbichi: hapo alisimamisha jiwe, akakifuta chuma kwa shati lake na kukitia mfukoni kabla hujabadili mawazo. Mafundi wanakiita asie rapidi. Alikuwa akikipata kwa shida, katika meshi, zile keekee za kutobolea vyuma, zilizovunjika ambazo wengine walizitupa.

"Hii njo chuma yenye haina makelele," aliniambia. "Muntu mwenye kusema mingi, moto ikikuya, analegea."

Sote Mushaki tulimwita Turneri, kwa sababu ya turu, ile mashine ndogo ya kuchongea vyuma aliyokuwa nayo. Jina alilopewa na baba yake nililijua, lakini sijawahi kulitumia, na sitaanza leo. Mimi nilikuwa na mulini wa kusagia mahindi kando ya barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi. Turu yake ilikuwa nyuma ya ukuta wangu wa mbao, na mashine zetu mbili zilizungushwa na mota moja ya mazutu, yaani dizeli. Mkanda mmoja ulikuja kwangu, mwingine ulipita tundu la ukutani kwenda kwake. Nikiwasha mota ili nisage, yeye alichonga. Nikizima, alikaa akinoa kwa mkono juu ya kijiwe cha mafuta. Hivyo ndivyo nilivyomjua mtu yule kwa miaka mingi: kwa sauti, kupitia ukuta.

Niseme kisu chenyewe ni nini, maana si kile cha jikoni. Ni kipande cha chuma kigumu, unene wa kidole, kinachofungwa imara juu ya turu. Chuma unachotaka kukichonga kinazunguka mbele yake, na pua ya kisu inakimenya kama unavyomenya kiazi. Mashine haichongi kitu. Kisu ndicho kinachochonga. Turneri alilirudia neno hilo kila mara mtu aliposifu turu yake. Pua isipofika sawasawa katikati ya chuma kinachozunguka, kazi inaharibika. Tumbo la kisu, yaani upande wake wa chini, likigusa chuma, kisu kinasugua badala ya kukata, na mashine nzima inaanza kulia. Nilijifunza kuutambua mlio huo kabla ya kujifunza sababu yake. Kwa Turneri ulisikika mara chache, na kila uliposikika ulifuatwa na matusi ya Kinyanga ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa.

Maana hakuwa mtu wa vilima vyetu. Alitoka Walikale, msituni, upande wa Kibua, na hakutuacha tusahau. Alikaa katikati ya wafugaji bila kunywa maziwa. Jibini, ambayo watu wa Goma wanaifuata hadi Masisi, aliiita sabuni. Viazi vyetu alivila kwa huruma, kama mtu anayemfariji mgonjwa. Mke wake alipopata majani ya muhogo yenye mawese ya kutosha, harufu ilipita ule ukuta wa mbao, na siku hiyo alifanya kazi akiimba. Aliimba vibaya mno. Alikuwa mzee wa kanisa, na wanakwaya walikuwa wamemwomba kwa heshima zote akae na wazee wenzake mbele, mbali nao.

Mzee wa kanisa huyohuyo, akimaliza kunoa kisu kipya kwa mara ya kwanza, alikidondoshea mawese na kunong'ona maneno fulani kwa lugha yao. Nadhani alikuwa akizungumza na mjomba wake aliyemfundisha kazi, aliyekufa zamani. Mchungaji alimkuta siku moja.

"Papa, unasema na nani?"

"Pasta, hii ni mafuta ya kupoza chuma."

"Na ile maneno?"

"Maneno pia inapoza."

Mchungaji alicheka, akaenda zake. Lakini Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya sanamu, na Turneri alikaa mbele akiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwa chuma alikuwa na subira isiyo na mwisho. Kwa watu hakuwa nayo hata kidogo. Mtu akimharakisha, aliweka kazi chini na kutoka nje kutazama barabara. Nilimwona akimwacha dereva wa lori akipiga kelele, yeye kasimama mlangoni akihesabu ng'ombe wa watu wengine. Dereva alipochoka na kukaa juu ya jiwe, Turneri alirudi ndani, akamaliza kazi kwa muda mfupi kuliko ule aliotumia kutazama barabara.

Visu vyake hakumwazima mtu. Alivilaza ndani ya sanduku la mbao, kila kimoja katika kitambaa chake, na alijua kila kimoja ni cha kazi gani. Cha chuma laini kilikuwa na uso wa juu ulioteremka nyuma ya pua, ili nyuzi za chuma zipate njia ya kukimbia. Cha shaba kilikuwa bapa juu, bila mteremko wowote. Siku niliyouliza kwa nini, alizima jiwe ili anieleze vizuri, na hilo lilikuwa jambo la nadra.

"Shaba iko mulaini, Mama Mulini. Ukiipatia kisu yenye meno mbele, inaivuta ndani, inakamata, kazi inavunjika. Batu wengine njo vile. Ukiwafatia na ukali, wanakumeza. Unawasimamia tu wima, wanaachilia."

"Na mimi ni chuma gani?"

Alinitazama, unga wa mahindi umenijaa hadi kwenye kope. "Weye ni fonti," akasema. Fonti ni kile chuma cha kumimina ambacho hakitoi nyuzi, kinatoa vumbi tu jeusi. Hadi leo sijui kama alinisifu.

Fundi wa jibini wa kule juu aliwahi kuingia wakati Turneri hayupo, akachukua kisu kimoja sandukuni na kukitumia kufungulia mfuniko wa debe la maziwa. Pua ikameguka. Turneri hakumgombeza. Hakumsemesha tu, msimu mzima wa mvua. Walipokutana njiani, alivuka upande wa pili. Kisha baba wa yule fundi akafa. Jioni ya kwanza ya matanga, Turneri alipanda kilima na mzigo wa kuni begani, akauweka penye moto, akakaa na wafiwa hadi matanga yalipoondolewa. Alichota maji, alipasua kuni, alimshikia fundi wa jibini mwavuli makaburini. Neno hata moja hakumwambia. Mke wangu wa jirani, maana ndivyo nilivyomwita mkewe kwa utani, alimuuliza kama sasa amesamehe.

"Kilio ni kilio," akajibu. "Kisu ni kisu."

Macho yake hayakuwa na bahati. Kwa miaka mingi alinoa bila kujikinga, cheche zikimpiga usoni, huku akiwakemea wengine wasikaribie jiwe. Mke wake alipochoka kumtoa vichembe vya chuma kwa ncha ya kitambaa, alimletea miwani ya jua kutoka soko la Sake, miwani ya kike, mikubwa, yenye vipepeo vya dhahabu pembeni. Tulidhani ataikataa. Aliivaa hadi vipepeo vikatoka rangi. Wenye pikipiki waliokuja kuchongesha pete za magurudumu walipigana viwiko, lakini hakuna aliyecheka mbele yake.

Nimesema kisu cha asie rapidi kilikuwa adimu. Kulikuwa na kimoja kilichopita vyote, alichoachiwa na mjomba wake. Kila mwaka alikinoa, na kila kunoa kulikula kidogo, hadi kikabaki kifupi kama kidole gumba, na ilibidi akifunge ndani ya kishikio cha chuma ili turu iweze kukikamata. Alikitumia kwa kazi ambayo vingine vimeshindwa. Baadaye mtu mmoja alimletea vipande vya widia, ambavyo ni vigumu zaidi lakini vinapasuka haraka. Ukivitia maji vikiwa na moto, vinakatika kama sahani. Alivijaribu, akavitumia, hakuvipenda. "Ni kama mukubwa wa serikali," alisema. "Nguvu iko, lakini hapendi kuguswa."

Basi walikuja watu kutoka Kashuga. Kashuga ni mbali na sisi, na wakati ule kambi ya wakimbizi ilikuwa imejaa kule kupita kiasi. Walikuja wawili kwa pikipiki, mwanamume na mama mmoja wa kamati ya maji, wamefunga mhimili wa pampu ndani ya blanketi kama mtoto. Mhimili ulikuwa umekatika. Bila pampu watu walikuwa wakichota maji ya bondeni, chini ya vyoo, na watoto walikuwa wameanza kuharisha. Yule mama alikuwa na watoto wake wawili hospitalini. Aliongea taratibu, bila kulia, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Papa, tulipita kwa mafundi wengine. Wanasema hii chuma haichongeke."

Ilikuwa inoksi, chuma kisichoshika kutu. Walikuwa wamebeba na fimbo nzima mpya ya chuma hichohicho. Turneri aliigusa, kisha akaniambia niwashe mota.

Alianza na kisu cha kawaida. Nilisikia kwanza ukataji, kisha kusugua, kisha ule mlio. Akazima mkanda, akanoa, akarudi. Mlio tena. Nilipokwenda upande wake, alikuwa amesimama mikono kiunoni, jasho linatiririka nyuma ya miwani ya vipepeo.

"Inoksi haitaki kubembelezwa," alisema. "Ukiiogopa, ukiigusa kidogo kidogo, inakomaa, inakuwa nguvu kuliko kisu. Lazima uingie na kisu kikali, uingie ndani, usisimame."

"Basi ingia."

"Na nini?"

Sote wawili tulijua na nini. Yule mama wa Kashuga hakujua, alikuwa amekaa juu ya gunia langu la mahindi, blanketi tupu mapajani. Turneri alifungua kitambaa cha mwisho sandukuni. Alinoa kile kisu kifupi muda mrefu, akikitia majini kila mara ili kisibadilike rangi, akikiinua mwangani kutazama kama pua ina mstari mweupe, maana makali ya kweli hayang'ai. Kisha akakipitisha juu ya kijiwe cha mafuta kwa mwendo mmoja, tena na tena, hadi mvua ikaja na kupita. Halafu akafunga chuma, akainama, akaingia.

Sikusaga siku hiyo. Niliwaambia wenye mahindi warudi kesho, nikasimama pale mota ikizungusha mashine yake peke yake. Nyuzi za chuma zilitoka zikiwa za buluu, ndefu, zinafuka moshi, na mke wake alikuwa akimiminia mawese na maji juu ya kisu kutoka kwenye birika la chai. Hakusimama. Hata inzi alipotua mdomoni mwake hakumfukuza. Mhimili ulipomalizika, alikifungua kisu, na tukaona kwamba hakikubaki kitu cha kunoa. Pua ilikuwa imekwisha hadi kwenye kishikio.

Yule mama aliushika mhimili ukiwa bado na joto. "Papa, Mungu akubariki."

"Muende sasa, kabla barabara haijafungwa," akasema Turneri. Walipoondoka alikaa chini. Mkewe alimpa chai. Hakunywa. Tulisikia baadaye kwamba pampu inatoa maji. Kuhusu watoto wa yule mama hatukusikia kitu, na Turneri aliuliza kila pikipiki iliyotoka upande ule, mpaka watu wakachoka kuulizwa.

Nafika sasa mahali ambapo watu wengi wa Mushaki walimwelewa vibaya, na ninataka nieleze vizuri, kwa sababu wengine bado wanasema.

Kulikuwa na wakati ambapo wenye bunduki walikaa kwetu. Sitasema wa upande gani. Wamepita wengi, na ng'ombe hawakuona tofauti. Mkubwa wao alisikia kwamba kuna turu. Alikuja na askari wake, wakamwekea Turneri mezani vipande vya silaha vilivyovunjika na kumwambia atengeneze vingine kama hivyo. Alimwita Papa, akamwita fundi mkubwa, akampa sigara ambayo hakuivuta.

Turneri hakukataa. Aliniambia niwashe mota. Kisha nikasikia ule mlio. Ulianza asubuhi, haukwisha. Nilidhani ameshikwa na homa. Nilipochungulia kwenye tundu la mkanda, nilimwona akinoa, na hata mimi mwanamke wa unga niliona kwamba anakinoa kisu kinyume, tumbo la chini limevimba, pua imeinama kama mzee anayesinzia. Akakifunga juu kupita katikati. Akakisukuma kwenye chuma, na chuma kikapiga kelele, kikageuka cheusi, kikatoka kimekwaruzwa kama kilichotafunwa na mbwa. Akakitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akanoa tena, vibaya zaidi.

Siku zilipita hivyo. Wenye pikipiki walikuja wakaona kazi ile mezani, wakaondoka bila kuacha pete zao. Mkubwa wa askari alikuja, akaangalia, akamwuliza kama anamchezea.

"Macho imekufa, mukubwa," akasema Turneri. "Mikono pia inatetemeka. Ile batu walikusifia mimi, walikusifia mimi ya zamani."

Walimpiga. Si kwa hasira kubwa, bali kama mtu anayepiga mashine iliyokataa kuwaka. Mmoja alimkanyagia miwani. Kisha wakaondoka na vyuma vyao, wakisema kwa sauti, ili barabara nzima isikie, kwamba fundi wa Mushaki hajui kitu.

Na watu wakaamini. Hilo ndilo lililonichosha kuliko kipigo. Wateja wakaanza kupeleka kazi zao Sake. Fundi wa jibini, ambaye tangu matanga alikuwa akimsalimia bila kujibiwa, alipeleka mashine yake ya kutenganisha malai kwa mtu mwingine. Mtu aliyekuwa akijivuna hata kwa jinsi anavyokunja kitambaa cha kisu, alikaa nyuma ya ukuta wangu bila kazi. Hakuweza kueleza, kwa sababu maneno ya Mushaki yanasafiri, na wale watu walikuwa bado kilimani.

Siku moja nilishindwa. Nikamwambia: "Papa Turneri, wanasema umekwisha. Naomba niwaambie wachache tu, wale wa kuaminika."

"Hapana."

"Heshima yako inaharibika hivihivi?"

Alikuwa akiokota vioo vya miwani, vipande vidogovidogo, bado vilikuwa vinatokea chini ya meza. "Kisu yenye haikate," akasema, "haiue muntu." Kisha akaniomba nizime mota, anataka kulala kidogo.

Tulikimbia muda si mrefu baadaye. Wale walioishi kwetu wanajua kukimbia kulivyo, na wasiojua siwezi kuwaeleza; sijui nimefunga vitu vyangu mara ngapi katika maisha haya, na kila mara ninabeba sufuria na kusahau kitu kinachohitajika. Turu haikuwezekana kubebwa. Turneri aliipaka samli ya ng'ombe kila mahali isishike kutu, yeye aliyekuwa hawezi hata kunusa maziwa, akaifunika majani ya migomba na mbao. Mke wake alibeba godoro. Yeye alibeba lile sanduku la visu kichwani hadi Sake, kisha hadi kambi iliyo nje ya Goma, na usiku wa mvua chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, alililalia kama mto.

Tuliporudi kutazama, ukuta wangu wa mbao ulikuwa umechomwa kuni. Mulini haukuwepo, mota haikuwepo, turu haikuwepo. Pale iliposimama palikuwa na alama nne za miguu yake katika udongo uliolowa mafuta. Turneri alizitazama, akakanyagakanyaga ardhi kwa kiatu mpaka zikafutika, akasema anarudi kwao.

Sikumwona tena kwa miaka. Mimi sasa ninafanya biashara ya mawese. Ninayafuata Walikale, ninayapeleka Goma kwa njia yoyote iliyo wazi wiki hiyo, na katika kila kizuizi ninashuka, ninasalimia, ninajieleza, ninapanda tena. Ni kazi ya kuchosha mwili na ulimi. Lakini ilinipeleka Kibua.

Kabla ya safari hiyo, nilikuwa nimeona kitu Goma. Nilikuwa nikipita kwenye karakana moja ndogo ya kutengeneza pikipiki, nikaona turu ndani. Mguu wake mmoja ulikuwa na kiraka cha chuma chenye umbo la kisigino. Nilikuwepo siku Turneri alipokibandika. Mwenye karakana alikuwa baba wa makamo, mwembamba, anachonga pete za shaba na kuziharibu. Nilijifanya nauliza njia, nikamwuliza mashine ameitoa wapi. Aliinunua kwa watu wa vyuma chakavu, alisema, ilikuwa imetupwa nje penye mvua, na aliitoa kutu mwenyewe, na mkewe. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?

Kibua nilimkuta Turneri amekaa mbele ya nyumba ya miti na udongo, msitu nyuma yake. Alikuwa amepungua. Jicho moja lilikuwa jeupe kabisa, na la pili lilinitafuta kwanza mahali nisipokuwa.

"Ni Mama Mulini," mkewe akamwambia.

"Ninajua. Ananuka mawese, lakini anatembea kama muntu wa unga."

Tuliongea. Mkewe alilima muhogo. Yeye alinoa panga na majembe ya majirani kwa jiwe la kuzungushwa kwa mkono, kwa kupapasa. Nilikuwa nimeapa nisimwambie habari za Goma, maana kuna habari ambazo hazimsaidii mtu. Lakini aliniuliza Mushaki kuna nini siku hizi, na uongo ukanishinda. Nikamwambia nimeiona turu.

Mkewe aliacha kupepeta. Turneri aliweka mikono juu ya magoti.

"Iko inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Anachonga nini?"

"Shaba. Pete za pikipiki. Zinamharibikia. Kisu kinamkamata."

"Ameinoa na mutelemko," akasema papo hapo. "Anafikiri ni chuma." Akamwambia mkewe alete sanduku.

"Ya kufanya nini?"

"Lete, mama."

Alilifungua. Vitambaa vilikuwa vilevile, vimepakwa mafuta. Alipapasa kisu kimoja baada ya kingine kwa kidole gumba, akaninyooshea kimoja nikitazame, maana yeye hakuona: je, uso wa juu uko bapa? Nilimwambia uko bapa. Nilishika jiwe la mkono, nikalizungusha, yeye akakigusisha, akasikiliza, akakigusisha tena. Ilichukua muda mrefu, na alipumzika mara kwa mara, akihema. Kisha akakifunga kitambaani, akakirudisha sandukuni, akafunga sanduku lote na kulisukuma kuelekea miguuni kwangu.

"Umupelekee."

Mkewe alisimama. "Unapatia mwizi visu yako?"

"Alinunua. Hakuiba."

"Na ile walituibia, walimuuzia! Mimi nilibeba godoro kwa mvua, weye ulibeba hii takataka, watoto wanatucheka, na leo unaipatia muntu yenye anakalia mashine yetu!"

"Alitoa kutu," Turneri akasema. "Mama Mulini amesema alitoa kutu, yeye na bibi yake."

"Na siye?"

Turneri aliegemeza kichwa ukutani. Mkewe aliingia ndani, na kwa muda nilisikia masufuria yakigongana kwa hasira. Mimi sikujua niangalie wapi. Nilisema nitaliacha sanduku, nitapita tena safari nyingine, lakini Turneri alikuwa amekwisha kusinzia, mdomo wazi kidogo, vidole vyeusi vya mafuta vimelala juu ya tumbo.

Tulikula bugali na majani ya muhogo, sisi wanawake wawili, bila kumwamsha. Mwenye pikipiki wangu alipopiga honi barabarani, mkewe ndiye aliyesimama kwanza. Alifungua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya kingine, akakizungusha kwenye sanduku, akalifunga mafundo mawili, akavuta kila fundo kwa meno. Alilibeba mwenyewe hadi kwenye pikipiki, akaliweka katikati ya madumu yangu ya mawese, akalitikisa kuona kama litaanguka.

"Umuambie ule muntu," akasema, "kama hajue kuinoa, akuye hapa afundishwe." Akageuka kuangalia mumewe pale ukutani. "Lakini akuye mbio."